Kapi wa Uingereza na Mshipi wa Kwetu

Katika maduka ya zana za uvuvi hapa Uingereza hutundikwa ukutani ndoana zilizokwisha fungwa kwa namna nyingi mno, hata mtu asiyekwenda ziwani ila siku mojamoja za kiangazi, akiruhusiwa na shughuli za riziki, huduwaa asijue achukue ipi; na sisi tuliolelewa mwambao, ambako mvuvi wa mshipi hahitaji zaidi ya uzi, chubwi, ndoana na kipande cha ngisi, aghalabu hudhani kwamba wingi huo ni hila ya wachuuzi tu.

Hila ipo, lakini sababu ya asili ni nyingine. Changu akinaswa kwetu huishia chunguni, na hadhari aliyojifunza hufa pamoja naye. Ilhali kapi wa huku (carp kwa Kiingereza), kwa kanuni za maziwa mengi, hulazwa juu ya godoro lililoloweshwa, hupimwa, hupigwa picha, kisha hurejeshwa majini, naye kwa kuwa umri wake waweza kufika miongo kadhaa, huzidi kuwa mjanja kila achomwapo. Mwaka 1952 Richard Walker alimtoa kapi wa ratili 44 katika ziwa la Redmire kwa chambo cha mkate (huyo hakurejeshwa wala hakuliwa, bali alipelekwa bustani ya wanyama ya London). Miaka ya baadaye mkate peke yake haukutosha tena katika maziwa yaliyovuliwa sana.

Kapi hufyonza kilicho chini, akakionja, akakitema asichokiamini, na chambo kilichovishwa ndoana, kama tufanyavyo kwetu, hukishuku upesi. Ndipo Kevin Maddocks na Lenny Middleton walipobuni kukining'iniza chambo kando ya ndoana kwa unywele, mwanzoni unywele hasa wa binadamu, ndoana yenyewe ikibaki tupu, ili samaki atemapo, ncha ishike mdomo wa chini.

Kwa mtu wa mara mojamoja, fungo hilo moja latosha: ndoana namba 8 isiyo na jino la nyuma, uzi wa kusukwa wa inchi 7 hivi, punje mbili za mahindi ya kopo katika unywele, na risasi ya aunsi 3 iliyobanwa kwa kishikizo cha plastiki. Uzito huo humfanya kapi ajichome mwenyewe anaposhtuka kukimbia. Na kishikizo lazima kiweze kuiachia risasi uzi ukatikapo, kwani kumwacha kiumbe akokote risasi maisha yake yote ni dhuluma isiyo na udhuru. Kwetu kazi hiyo ya kuchoma ni ya kidole cha shahada, kihisicho mdono na kuuvuta uzi papo hapo; hapa hulia kengele ya umeme, nayo, kusema kwa insafu, sijaipenda bado.

Kapi huyuhuyu aliingia ziwa Naivasha, Kenya, takriban mwaka 2000, akazidi samaki wengine kwa wingi, na wavuvi wa huko humpata kwa nyavu na kumpeleka sokoni, wasihitaji unywele wowote. Huku, kabla ya kununua chochote, mtu na akate kibali cha serikali cha kuvua kwa fimbo, kisha amwulize mwenye ziwa, maana wengine hukataza ndoana zenye jino, na wengine hata aina fulani za chambo.