Waandike Wenyewe

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umeshaizoea Chamwino, na kwamba mwalimu mkuu amekukabidhi shughuli za utamaduni. Umeniomba nikutumie ngonjera moja kati ya zile za zamani, watoto waikariri kwa ajili ya mahafali ya darasa la saba. Sitakutumia, mwanangu, na barua hii ni ya kukueleza sababu.

Ngonjera ni majibizano. Watu wanashindana kwa hoja, kila mmoja na upande wake, hadi ukweli ujitokeze. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa huko huko Ugogo, aliandika ngonjera nyingi kabla hajafariki mwaka 1969, na shule za nchi nzima zikazipokea. Sasa tazama tunavyofanya siku hizi. Mwalimu anaandika pande zote mbili, mtoto anakariri, anapanda jukwaani, anamsifu mgeni rasmi kwa maneno asiyoyaelewa, anapigiwa makofi na kushuka. Amesema beti nzima na hakuna hata mshororo mmoja alioufikiria yeye. Tuliyemsikia pale ni mwalimu wake.

Badala yake, anza na jambo ambalo watoto wenyewe hulibishania. Wanayo mengi: kwa nini dada atumwe maji wakati kaka anacheza mpira? Anayechunga ng'ombe jioni asome saa ngapi? Wagawe makundi mawili, wabishane kwa mdomo, nawe uyaandike ubaoni maneno yao kama walivyoyatamka. Ndipo mtafute vina na mizani kwa pamoja. Waache wahesabu silabi kwa vidole. Wakipata mizani 15 mahali panapotakiwa 16, usiwapatie neno, waache walitafute. Katika kulitafuta watajifunza silabi, visawe na mpangilio wa maneno, na shairi litabaki kuwa lao.

Fanya hivyo hivyo katika insha. Unaijua ile insha ya ng'ombe: ana miguu minne, ana mkia, anatupa maziwa. Darasa zima huandika hiyo hiyo kwa sababu imenakiliwa ubaoni. Lakini mtoto wa mfugaji anamjua ng'ombe wa kwao kwa jina, kwa rangi, kwa ukali wake anapokamuliwa. Muulize huyo mmoja. Atakapokuletea daftari, jibu kwanza alichokisema: mwambie ni wapi umecheka, ni wapi umetaka kujua zaidi. Makosa ya tahajia yasahihishe baadaye, maana ni lazima yasahihishwe. Kalamu nyekundu ikitangulia, mtoto huelewa kwamba ulikuwa unatafuta makosa, na safari nyingine atakuandikia sentensi fupi zisizo na hatari.

Wadogo wa darasa la kwanza wanaowaza kwa Kigogo usiwanyamazishe. Mtoto asimulie kwanza kwa lugha ya nyumbani, wenzake wamsaidie kuivusha hadithi kwenye Kiswahili. Kiswahili kitakuja tu. Hamu ya kusema ikishakufa, kuifufua ni kazi ngumu.

Umelalamika kwamba shule haina rangi wala karatasi za kuchorea. Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 juu ya mbao za dari, kwa rangi za kupakia baiskeli, na leo mtindo wenye jina lake unajulikana duniani. Hapo ulipo kuna mkaa, udongo na mabua ya mtama. Wanafunzi wako hutengeneza magari ya waya na ng'ombe wa udongo wakiwa nyumbani, tena bila mwalimu. Waruhusu wavilete darasani. Kila mmoja aeleze alivyokifanya chake: alipimaje, kilivunjika wapi, akakirekebishaje. Ukisikiliza vizuri utasikia hisabati na sayansi humo ndani.

Wazee nao waite. Hukwe Zawose, aliyezipeleka ala za Wagogo, ilimba na zeze, hadi majukwaa ya Ulaya, alifinyangwa na muziki wa nyumbani kwao kabla ya kuwa mwalimu wa wengine Bagamoyo. Huko kwenu hawakosekani wapigaji zeze, wala akina mama wanaoijua ngoma ya muheme. Zungumza na mwenyekiti wa kamati ya shule, waje mchana mmoja. Wakishafundisha, waombe wakae wasikilize walichotunga watoto. Mzazi aliyemsikia mwanawe akitoa hoja yake mwenyewe hatamwona tena kuwa wa kutumwa tu.

Walimu wenzako watakwambia mitihani inakaribia. Usibishane nao kwa ukali, maana hofu yao ni ya kweli. Waeleze kwamba mtoto anayetunga husoma kwa makini zaidi, kwa sababu anatafuta namna ya kusema lake. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka elimu imjengee mtoto akili ya kudadisi. Akili hiyo haiji kwa kunakili. Tenga kipindi kimoja kwa wiki, ukilinde, na matokeo yatawashawishi kuliko maneno yako.

Siku ya mahafali usiwapandishe jukwaani wale wenye sauti kubwa tu. Asiyependa kusema mbele za watu mchoro wake utundikwe ukutani, na jina lake liandikwe chini yake. Mgeni rasmi akisikia ubeti wenye kasoro, avumilie; aliyeutunga ana miaka kumi.

Na mtoto atakayekuletea kazi yake kwa aibu, usimcheke, wala usikubali darasa limcheke. Isome mbele yake, mshukuru, kisha kaeni pamoja muitengeneze. Huenda wewe ni mtu mzima wa kwanza kumuuliza anafikiri nini. Usiache kumuuliza.

Akupendaye,
Shangazi yako