Motokaa ya Marehemu Baba

Katika uwanja mwembamba ulio kando ya nyumba yetu, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, imesimama motokaa aina ya Peugeot 404 iliyonizidi umri kwa mwaka mmoja. Yenyewe iliundwa mwaka 1967, nami nikazaliwa mwaka 1968. Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliinunua ikiwa imekwisha tumika mwaka 1975, mwaka ule lilipofunguliwa soko jipya la Kariakoo lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli. Nyumba za majirani zilizokuwa na ua na mti wa kivuli sasa zimekuwa maghorofa ya maduka, na jua haliufikii uwanja wetu ila kwa saa mbili tatu za mchana. Lakini motokaa ipo palepale, na bado yaenda.

Wapita njia hunishauri niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Huwajibu kwa mzaha, nao huenda zao. Juma lililopita, hata hivyo, mwanangu aliniuliza swali ambalo halikujibika kwa mzaha. Tulikuwa tumekwisha kuing'oa silinda hedi, kwa kuwa maji yalianza kuvuja ubavuni mwake, nami nikainama kutafuta spana. Niliponyanyua kichwa nikamwona ameshika hendeli, anataka kuizungusha injini atazame pistoni zinavyopanda na kushuka. Nilipiga ukelele, hata mwenye duka la vitenge akatoka mbio. Kijana akaiachia hendeli, akaniangalia, akasema, "Baba, kuna nini?"

Basi nilimwambia, na baada ya kumwambia yeye nimeona niwaambie na ninyi ndugu wasomaji, hasa vijana mnaopenda kushika spana.

Kwanza yapasa niieleze motokaa yenyewe, maana asiyeijua hatalifahamu kosa langu. Zama zile kila kijana wa Dar es Salaam aliijua 404, kwani Bert Shankland, dereva aliyekuwa akikaa hapa kwetu Tanzania, alishinda nayo mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967. Ni gari la mtu kujitengenezea nyumbani. Hakuna kompyuta ndani yake. Ukiwa na spana chache, mwangaza na subira, karibu kila kitu chake chafikika kwa mkono. Asubuhi kabla ya kuiwasha natazama maji ya rejeta, kisha navuta kijiti cha oili, nakifuta, nakirudisha, nakivuta tena. Wengi hutazama kipimo tu. Mimi natazama na rangi. Oili nyeusi ni oili iliyofanya kazi, nayo hubadilishwa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni msiba, maana yake maji yameingia mahali pasipo pake. (Na ile chafu ukiimwaga, usiimwage mtaroni kama wafanyavyo wengi, mtaro ule wapita mlangoni kwa jirani kabla haujafika Mto Msimbazi.)

Feni yake nayo ina tabia ya peke yake. Haizunguki daima na injini, bali hukamatwa kwa sumaku ya umeme maji yanapopata moto, na huachiwa yanapopoa. Umeme huo hupita katika kipande kidogo cha kaboni, na kipande hicho kikilika, feni hukaa kimya na gari huchemsha pasipo dereva kujua. Ajuaye hukaza skrubu zake ndogo ili feni ishikamane na kuzunguka daima, akafika salama. Sisi hatukujua.

Ilikuwa mwaka 1982, tukirudi kutoka Chalinze mazikoni. Gari lilichemsha njiani, baba akaongeza maji, akaendelea, likachemsha tena. Tulipofika Kariakoo moshi mweupe ulikuwa ukitoka kama jiko la kuni mbichi. Gasketi ilikuwa imeungua, na silinda hedi, ambayo ni ya alumini, ilikuwa imepinda.

Vijana wa leo hawawezi kuipima shida ya siku zile. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na madukani hapakuwa na kitu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, wala haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Petroli ilikuwa ya taabu hata magari ya watu yakakatazwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, na kwa ajili hiyo Jumapili ya Kariakoo ilikuwa siku ya kutengeneza magari. Kila mtaa ungewaona watu wamelala chini ya motokaa zao. Gasketi yetu baba aliipata kwa baharia aliyetoka nayo ng'ambo, kwa bei ambayo mama hakuambiwa mpaka mwisho.

Fundi alikuwa jirani yetu, mtu mpole aliyefanya kazi Gerezani, ambaye mtaa mzima ulimwamini. Jina lake silitaji, kwani watoto wake wameniomba nisilitaje. Alikuja Jumapili asubuhi, akaing'oa silinda hedi, akaiweka juu ya gunia. Ilipokaribia Adhuhuri akafuta mikono, akaniita.

"Mwanangu, sikiliza. Silinda hizi hazikuchongwa ndani ya injini. Zimepachikwa tu, na maji yazizunguka. Chini ya kila moja ipo pete nyembamba inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Kilichokuwa kikizikandamiza ni hiki nilichokwisha kukiondoa. Nakwenda kuswali, kisha nitafute vibati na bolti nizibane. Mpaka nirudi, injini hii isizungushwe. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Baba naye akaenda msikitini. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 14 na nilikuwa sijapata kuiona pistoni ikitembea. Nikaichukua hendeli, nikaipenyeza mbele ya gari, nikazungusha nusu duara. Pistoni ya tatu ilipopanda, ilipanda na silinda yake, kiasi cha unene wa ukucha. Nikaogopa. Nikaikandamiza kwa kiganja mpaka ikarudi, nikafuta alama ya mkono kwa kitambaa, nikairudisha hendeli, nikakaa barazani kama mtu aliyekuwapo pale tangu asubuhi.

Fundi aliporudi alibana silinda zote nne kwa vibati, kama alivyosema. Akaipeleka silinda hedi ikasawazishwe kwenye mashine, siku ya tatu akairudisha na kuifunga vizuri, boliti moja baada ya nyingine kwa utaratibu wake, na gari likawaka. Baba alimpa nusu ya ujira, nusu akamwahidi mwisho wa mwezi.

Haukupita muda mrefu baba akavuta kijiti cha oili, na oili ilikuwa chai ya maziwa.

Jioni ile, baada ya Magharibi, alimkuta fundi kwenye baraza la jirani, wamekaa watu wapatao kumi. Mimi nilikuwa nyuma ya baba nimeshika taa. Baba hakupiga kelele. Alisema, "Ulituambia wajua kazi, na kumbe hujui. Umeniharibia motokaa na gasketi ambayo siwezi kupata nyingine." Fundi akajibu, "Mzee mwenzangu, niliifunga kwa mikono yangu hii. Wallahi sijui imekuwaje." Na maneno hayo ya mtu mkweli ndiyo yaliyommaliza, kwa kuwa waliokuwapo waliyachukua kuwa ndiyo ushahidi: mwenyewe amekiri kuwa hajui.

Taa mkononi mwangu haikutikisika. Nalikumbuka sana jambo hilo.

Fundi wa mtaani hana cheti ukutani. Ana jina lake tu. Waliokuwa wakimwita wakaanza kuita wengine. Nusu ya ujira hakupewa. Mwaka uliofuata alihama na watu wake, akaenda Temeke.

Motokaa yetu ililala juu ya mawe mpaka mwaka 1986, bidhaa zilipoanza kuingia tena. Fundi mwingine akaifungua, akazitoa silinda, akatazama ile pete ya tatu. Ilikuwa imekunjika upande mmoja. Akaigeuza-geuza, akasema, "Hii haikuoza, wala haikufungwa vibaya. Silinda hii iliinuliwa, ikarudishwa juu ya pete iliyokunjika." Baba akasema, "Basi ni yule yule." Mimi wakati huo nilikuwa na miaka 18, mtu mzima ninayeswali na kufunga, na nilikuwa nimesimama hapo na birika la chai. Nikawamiminia chai.

Ule ukimya wa kwanza ningeweza kuusingizia utoto. Huu wa pili sina wa kumsingizia.

Baba alifariki mwaka 1999, nami nikairithi motokaa pamoja na nyumba. Nikajifunza kuitunza mwenyewe. Watu walinisifu kwa kuwa sikutaka fundi aiguse, wakadhani ni mapenzi kwa marehemu. Kumbe nilikuwa siwezi kumtazama fundi yeyote akifuta mikono. Kisha siku moja msikitini khatibu alieleza ile habari ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaeleza masahaba, ya mtu aliyefilisika: ajaye Siku ya Kiyama na sala zake na saumu zake na zaka zake, naye alimtukana huyu na kula mali ya yule, basi mema yake yakagawiwa wenye haki mpaka yakaisha, yakabaki madhambi yao naye akatwishwa. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu madrasa. Siku ile niliisikia pamoja na harufu ya oili.

Nilikwenda Temeke mwaka 2003. Sikupata taabu kumwona. Alikuwa amekaa nje ya nyumba ya binti yake, macho yameingia ukungu, hafanyi kazi tena. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mimi ni nani. Nilipomtajia baba, uso wake ukafunga. Nikamweleza yote: hendeli, nusu duara, kiganja, taa, na ile chai ya mwaka 1986. Nikatoa ile nusu ya ujira, kwa thamani ya fedha za wakati huo na ziada, nikaiweka mkekani.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Baba yako aliyajua haya?"

"Hakuyajua, mzee. Amefariki hajui."

"Nilisikia amefariki. Sikwenda kumzika." Akanyamaza tena. "Wewe ulikuwa mtoto, na mimi nilifanya kosa kuacha injini wazi mahali penye mtoto. Nimekusamehe, dunia na akhera. Lakini baba yako nimemsema miaka ishirini. Nimemwita dhalimu mbele za watu, naye alidhani anadai haki yake. Sasa yeye nitamwomba radhi wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda nikidhani deni ni moja. Kumbe nilikuwa nimewadhulumu wawili, kila mmoja nikamfanya amdhulumu mwenzake.

Pesa hakuzigusa mpaka binti yake alipozichukua. Akaniuliza kama motokaa ingalipo, nikamwambia ipo. Akauliza niliweka pete za namna gani, na kama napima silinda zimetokeza sawasawa juu ya bloku kabla ya kuweka gasketi. Tukazungumza hayo mpaka Alasiri, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya fundi. Nilipoaga akanishika mkono, akasema, "Umeniambia mimi. Lakini mimi nilitahayarishwa barazani."

Basi nilirudi Kariakoo kuwatafuta watu wa baraza lile. Watatu tu walikuwa hai. Mmoja alikuwa hakumbuki hata kidogo. Wa pili alinisikiliza, akasema mambo ya kale yaachwe. Wa tatu, ambaye alikuwa na teksi siku zile, alisema, "Mimi niliacha kumpa gari langu kwa sababu ya jambo hilo," akaingia ndani bila kuniaga. Fundi mwenyewe aliniombea dua kila nilipokwenda kumwona, hata alipofariki mwaka 2009, na safari hiyo mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Haya ndiyo niliyomweleza mwanangu juma lililopita. Aliyasikiliza huku akiikwangua gasketi ya zamani kwa wembe. Kisha tukatafuta vibati vinne na bolti, tukazibana silinda moja moja, na ndipo nikampa hendeli nikamwambia azungushe polepole, atazame. Pistoni zilipanda na kushuka, silinda zimetulia. Gasketi mpya bado twaisubiri. Gerezani, hatua chache tu kutoka kwetu, utapata kila kitu cha Toyota, lakini ukitaja 404 wauzaji vijana hucheka. Gari lililolala halinidai kitu siku hizi, tangu ile ada ya leseni ya kila mwaka ilipofutwa mwaka 2017 na kuingizwa katika bei ya mafuta, kwa hiyo hatuna haraka.

Wale wengine waliokuwapo barazani jioni ile wametangulia, na watoto wao wametawanyika: Mbagala, Tabata, Unguja, na wengine Maskati. Huenda baadhi yao walikua wakisikia nyumbani kwao kuwa palikuwa na fundi Mtaa wa Mchikichi aliyeharibu motokaa ya watu kwa kutojua kazi. Wakisoma hapa watamtambua ingawa sikumtaja. Kazi yake aliijua, naye alitukataza.