Wana wa Pwani Mtoni Sagana

Sisi watu wa pwani Mto Tana tunaujua kwa upande wake wa mwisho. Tunaujua Garsen, pale barabara ya Lamu inapouvuka. Tunaujua Kipini, pale unapojimwaga katika Bahari ya Hindi ukiwa mpana, mzito, wenye rangi ya udongo, wala hauna haraka ya kwenda popote. Aliyeuona huko si rahisi kuamini kwamba maji hayo hayo, takriban kilomita 1,000 kabla ya kutufikia, huanza yakiwa baridi na maangavu katika Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na kwamba yanapopita mji mdogo wa Sagana huruka juu ya mawe kwa kishindo ambacho mtu hukisikia kabla hajayaona maji yenyewe. Baada ya hapo mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere huyashika njiani na kuyatoza umeme, ndipo yakaachiwa kuteremka Garissa na Hola. Tana tuliyoizoea ni Tana iliyokwisha kuchoshwa.

Kilichonifikisha Sagana ni netiboli. Timu yetu ni ya kina mama na mabinti wa Mombasa: walimu, wauguzi, wauza nguo, na kapteni wetu, ambaye asubuhi husomesha madrasa na jioni hutushinda sote kwa mbio. Katika likizo ya Aprili tulialikwa Nyeri kwa mechi tatu za kirafiki. Tulipanda treni ya SGR hadi Nairobi, watu 14 na kapu la mahamri lililokwisha kabla ya Voi, kisha matatu ya kukodi ikatupeleka kwa njia ya Thika na Makutano. Mechi zenyewe nazipita haraka: tulishinda moja, tukafungwa mbili, na baridi ya Nyeri ilitufunga kuliko wenyeji wetu. Siku ya nne ilikuwa ya mapumziko. Hapo ndipo mmoja wa wenyeji alipotaja mto.

Mchezo huo uko hivi. Watu sita huketi juu ya kingo za boti la mpira lililojazwa upepo, kila mmoja na kafi lake. Nahodha hukaa tezi na kutoa amri: mbele, nyuma, acheni, inameni. Boti huachiwa mkondo uliburure. Ugumu wa mto hupimwa kwa ngazi zinazotumika dunia nzima, kuanzia 1, maji yanayojiendea tu, hadi 6, ambayo hata mabingwa aghlabu huizunguka kwa miguu nchi kavu. Mgeni husahau kwamba ngazi hizo hazikuchongwa katika mawe. Mvua ikinyesha mlimani usiku, mtu wa bonde huamka chini ya mbingu nyeupe, hajaona tone, ilhali mkondo uliokuwa wa ngazi ya 3 jana umekwisha kuwa wa 4.

Usiku ule katika chumba chetu hapakulalwa mapema. Wapo waliopiga simu nyumbani kuomba ruhusa, na wapo waliopiga simu huku wakiomba Mungu isipokelewe. Mama mkwe wa shoga yangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, mmekwenda kucheza mpira au kufa maji?" Tulicheka, lakini swali lilibaki chumbani. Kapteni wetu alilichukua kama mwalimu anavyochukua suala la mwanafunzi. Alisema dini imetukataza kujitia katika maangamizi, na hilo halina mjadala. Lakini dini hiyo hiyo haikutukataza kupanda jahazi, ijapokuwa majahazi huzama. Tofauti, alisema, ni kujua nani anakuongoza, umefungwa nini mwilini, na kama huyo anayekuongoza ana ujasiri wa kusema leo haiwezekani. Mimi niliridhika na maneno yale, na hata leo naridhika nayo.

Asubuhi tulikuta mto umepanda. Kampuni iliyotupokea, ambayo sitaitaja, haikutuficha: nahodha mkuu alituonyesha mti uliokuwa ukingoni jana, na sasa ulikuwa umesimama majini. Akasema kipande cha mwisho tutakipita kwa miguu, hakuna boti litakaloteremka pale leo. Wenzetu wawili walisema hapo hapo kwamba wao watafuata kwa gari. Hakuna aliyewabembeleza wala kuwatania, na nadhani hilo ndilo jambo la heshima kuliko yote tuliyoyafanya siku ile. Kikundi kinachomwonea haya aliyekataa ndicho kinachompeleka mtu kaburini.

Kisha suala la mavazi. Walitaka kwanza tuvue mitandio, nasi tukataka kwanza kujua sababu. Sababu ilikuwa ya kweli: kitambaa kirefu hunasa kwenye kamba au tawi, nguo pana hujaa maji ikawa nanga, na pini karibu na shingo ni hatari kwa mwenye kuivaa na kwa boti pia. Basi tukaafikiana. Mabuibui yalibaki garini. Tulivaa suruali pana za michezo na fulana ndefu za mikono, na kichwani hijabu fupi za kuchezea zinazobana, zisizohitaji pini, ncha zimeingizwa ndani ya fulana, kofia ngumu juu yake. Hakuna kilichoonekana isipokuwa nyuso na viganja. Nawaeleza haya kwa urefu kwa kuwa wako mabinti wanaoambiwa wachague baina ya stara na usalama, wakadhani kweli ni lazima kuchagua.

Pale palipoharibika ni kwenye jaketi la kujiokolea. Kijana aliyepewa kazi ya kutuvalisha alikuwa na haya, Mungu amlipe kwa haya zake, akaona si adabu kuivuta mikanda kwa nguvu kifuani mwa mama wa watu. Aliifunga na kuiacha ilivyo. Nahodha wa boti letu, ambaye kazi yake ilikuwa kumkagua kila mtu kabla ya kusukuma boti, alitutazama kwa mbali akasema sawa. Katika boti la pili kapteni wetu alipita mwenyewe, mwanamke kwa wanawake wenzake, akamshika kila mmoja jaketi mabegani na kulivuta juu. Jaketi likifika masikioni, limelegea. Kipimo hicho hakihitaji mwanamume wala cheti.

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza, kama inavyomstahiki msafiri, juu ya majani yenye unyevu. Kisha makafi mikononi, tukasukumwa.

Kilomita za kwanza zilikuwa za raha tupu. Maji mapana, ndege weupe, mashamba yanayoshuka hadi ukingoni. Tulifundishwa namna ya kuanguka. Ukitupwa, lala chali, miguu mbele imeinuliwa, uiache iyagonge mawe kabla ya kichwa. Wala usijaribu kusimama katika maji yanayokimbia hata yakiwa ya magotini, kwani mguu ukinasa kati ya mawe mawili mkondo hukulaza kifudifudi na kukushika hapo. Tulirudia mara tatu. Shoga yangu, aliyeketi mbele yangu upande wa omo, aliuliza kwa sauti ndogo: "Na asiyejua kuogelea?" Nahodha akajibu kwamba jaketi litamwogelea.

Mkondo wa kwanza ulituloa, wa pili ukatuchekesha. Katika wa tatu boti lilipanda jiwe kwa ubavu, likasimama kama mlango uliofunguliwa, kisha likalala juu yetu. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka baridi, ambayo si baridi ya bahari yetu hata ya majira ya kusi, na sauti iliyokatika ghafla. Nilizuka, nikalala chali kama tulivyofunzwa, nikahesabu vichwa. Vitano pamoja na changu. Tulikuwa sita na nahodha.

Nahodha alizuka nyuma ya jiwe. Shoga yangu hakuzuka. Alikuwa chini ya boti lililopinduka, na jaketi lake lililolegea lilikuwa limepanda likamfunika uso, akawa ameshikwa na kile kile kilichopaswa kumwokoa. Muda ule sikuupima. Kijana mwingine wa kampuni, aliyekuwa akitufuata katika kayaki kwa kazi hiyo hasa, aliruka majini, akaingia chini ya boti na kutoka naye amemkumbatia kifua kwa mkono mmoja. Kutoka ukingoni ikatupwa kamba, wakavutwa wote wawili.

Alikuwa hai, alhamdulillahi. Alitapika maji, bega lilikuwa limeteguka, hijabu yake imekwenda na mto. Yule kijana alimlaza ubavu, akahakikisha anapumua vema, kisha akageuza uso wake akatazama miti mpaka kapteni alipofika na leso kavu. Usiku kuna mwenzetu aliyeuliza kwa nia njema hukumu ya kubebwa vile na mwanamume asiye maharimu. Kapteni alimtazama kidogo, akasema fikihi imekwisha kumjibu zamani chini ya mlango wa dharura, na kwamba yeye alimwombea kijana yule katika sijida yake. Neno la kwanza la shoga yangu, wallahi, lilikuwa: "Kiatu changu kimoja kiko wapi?"

Nahodha alikuja kumwomba radhi, akaketi karibu naye kwenye nyasi. Ni mtoto wa Sagana hapo hapo. Alituambia alijifunza kuogelea mtoni akiwa na miaka sita, na bahari aliiona mara ya kwanza akiwa mtu mzima. Akamuuliza bila ubaya wowote: "Lakini dada, si nyinyi ni watu wa bahari?"

Safari ya kurudi Nyeri tulilijibu swali lile kwa zamu. Shoga yangu alizaliwa Mji wa Kale. Akiwa kitandani utotoni alisikia mawimbi. Ndugu zake wa kiume walijirusha majini kila Ijumaa baada ya Alasiri wakarudi na chumvi nyweleni. Yeye alishika nguo zao. Alipofikia miaka tisa aliambiwa amekua, na kushika nguo nako kukaisha. Katika matatu ile, kati ya wanawake 14 wa kisiwa na ng'ambo zake, wanaojua kuogelea tulikuwa watatu, na sote watatu tulifunzwa na baba zetu, alfajiri, mahali pasipo na watu.

Siwalaumu wazee. Walichokilinda ni stara, nayo ni kitu cha kulindwa. Lakini stara inadai mahali na wakati. Sijaona inapodai binti asijue kujitoa majini. Masheikh wetu husimulia kwamba Sayyidna Umar aliwahimiza watu kuwafundisha watoto wao kuogelea, nasi tumeisikia habari hiyo mimbarini tangu utoto tukafahamu kuwa watoto ni wavulana. Wakati huohuo mabinti hao hao tunawapandisha feri ya Likoni asubuhi na jioni. Wenye umri wangu hatujaisahau Aprili ya 1994, feri ilipopinduka Mtongwe wakafa watu zaidi ya 270, wala ufuo haukuwa mbali.

Tangu turudi tumepata bwawa la kuogelea ambalo mwenyewe hulifunga kwa wanaume Jumapili asubuhi kwa saa mbili. Tumeweka mapazia upande wa barabara. Anayetufunza ni mwanamke, na somo la kwanza halikuwa kuogelea bali kuelea chali, mikono wazi, masikio ndani ya maji. Tulianza watu tisa, sasa ni 20 na zaidi, wengi wao ni watoto. Bega la shoga yangu limepona. Huja na mabinti zake wawili. Mdogo anaelea peke yake, mama mtu bado anashika ukingo kwa mkono mmoja. Mama mkwe naye huja, akaketi kivulini na tasbihi yake na taulo za wajukuu magotini. Jumapili iliyopita aliuliza kama maji ni ya baridi.