Neno "Remember" na Mlango wa Stoo



Neno "remember" umelijua tangu shule ya msingi, hivyo huenda ukaona halina haja ya kurudiwa. Nami niliona hivyo nilipokuwa kidato cha nne.

Nilikuwa kiranja wa michezo, mwenye kutunza ufunguo wa stoo. Asubuhi moja stoo ilikutwa wazi na mipira miwili haipo. Niliamriwa kuandika maelezo kwa Kiingereza. Jioni yake nilikuwa nimeufunga mlango ule kwa mkono wangu, hata kufuli nikalivuta kuhakikisha. Nikaandika: "I remember to lock the door."

Mwalimu akasoma, akaniuliza: "Kwamba huwa unakumbuka kufunga, sawa. Jana je?" Sikuelewa swali. Nikarudia sentensi ileile. Nilivuliwa ukiranja, na mama akalipa mipira.

Kosa lilitoka wapi? Kwa Kiswahili, "nakumbuka kufunga" hubeba maana mbili. Kiingereza huzitenganisha:

1. "Remember" + "to": kumbukumbu hutangulia, tendo hufuata. "Remember to write your examination number." Ningeandika "I remembered to lock the door", ningeeleweka: nilikumbuka, kisha nikafunga. Lakini "I remember to lock" hueleza mazoea tu.

2. "Remember" + "-ing": tendo hutangulia, kumbukumbu hufuata. "I remember locking the door." Nilifunga, na sasa nakumbuka. Hii ndiyo sentensi niliyoihitaji.

3. Usichanganye "remember" na "remind". Wengi huandika "Remember me to bring the book." Ni kosa, andika "Remind me to bring the book." Kiswahili chako kinakusaidia hapa: "remember" ni kukumbuka, "remind" ni kukumbusha.

4. "Remember me to your mother" ni sahihi, ila maana yake ni "Nisalimie mama yako." Utaikuta mwishoni mwa barua za kirafiki.

5. Usiandike "I am remembering his name." Andika "I remember his name", hata kama unakumbuka sasa hivi.

Jipime: Asha alifika dukani, akarudi bila chumvi. Je, "She did not remember to buy salt" au "She did not remember buying salt"? Jiulize kwanza: chumvi ilinunuliwa?

Mpaka leo sijui nani alifungua stoo. Huenda hata kwa sentensi sahihi ningeadhibiwa, lakini ningeadhibiwa baada ya kueleweka. Kwa hiyo, kabla hujakabidhi karatasi yako, rudi kwenye kila "remember" uliyoandika na uulize: kipi kilitangulia, tendo au kumbukumbu?