Lenzi Iliyoanguka



Mtu akiona mkwaruzo juu ya kioo cha kamera husikitika sana, husema, "Basi, imeharibika." Na akiona kioo kinang'aa kama maji hufurahi, husema imenusurika. Mimi nimeona ya kuwa mara nyingi mambo ni kinyume cha hayo.

Kamera yetu hutumika kwa arusi na ubatizo, hata mazishi, na ziko nyumba zisizo na picha nyingine ya mzee wao ila ile tuliyoipiga. Basi siku ya Jumatano, arusi ikiwa Jumamosi, kijana anisaidiaye aliuvuta mkoba kitini, lenzi ikatoka ikaanguka sakafuni. Haikupata nusu mita. Akanijia akitetemeka, "Shikamoo, Mwalimu. Lenzi imeanguka, lakini haikuvunjika." Nikaitazama. Pete ya mbele ilikuwa imebonyea upande mmoja, na kioo kilikuwa na mkwaruzo mfupi kama nusu ya punje ya mchele. Mke wangu akasema mkwaruzo huo ndio utakaotuaibisha.

Mkwaruzo mdogo hauonekani pichani. Nuru itokayo katika kila nukta ya uso wa mtu huingia kwa kioo chote cha mbele, na mkwaruzo huzuia sehemu ndogo mno. Ila jua likiielekea lenzi, waweza kuleta ukungu. Ndiyo maana mafundi hupaka wino mweusi penye kibanzi kilichotoka. Na mtu asikimbilie kufuta kwa kitambaa, maana chembe ya mchanga itachora mikwaruzo kumi. Apulize vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira.

Jambo la kuogopwa limo ndani. Lenzi si kioo kimoja. Hata ile ya Tessar, aliyoibuni Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss mwaka 1902, ina vioo vinne. Yangu ina sita, navyo havina budi kukaa katika mstari mmoja. Katika kazi ya vioo kosa dogo ni kubwa: darubini ya Hubble ilipopelekwa angani mwaka 1990, ukingo wa kioo chake ulikuwa umesuguliwa kupita kiasi kwa kama sehemu ya 50 ya unene wa unywele, na picha zikawa na ukungu mpaka wanaanga walipokwenda kuitengeneza mwaka 1993.

Kwa hiyo nikabandika kurasa za gazeti ukutani, katikati na pembe zote nne. Nikaisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, ikielekea ukuta sawasawa, upenyo wote ukiwa wazi. Maandishi ya kushoto yalisomeka. Ya kulia yalikuwa kama yameloa. Pengine kamera imekaa mshazari? Nikaipindua juu chini, nikapiga tena. Sasa ukungu ukahamia kurasa za kushoto, nikajua ugonjwa ni wa lenzi, si wa ukuta. Nilipoufinya upenyo hadi f/8, pembe zile zikasomeka karibu zote.

Fundi wa mjini akasema pete aweza kuinyosha, lakini chombo cha kurudisha vioo katika mstari hana. Nilimshukuru kwa kusema kweli. Wengine hufungua tu, wakaongeza vumbi na bei.

Jioni nikaenda kwa baba wa bibi arusi, nikamweleza yote kabla hajalipa hata senti. Tukakubaliana. Ndani ya kanisa, ambamo nuru ni haba na upenyo lazima uwe wazi, tuliazima kamera ya mwalimu mwenzangu. Nje, saa nne asubuhi, jua likiwa kali, tulitumia yetu kwa f/8, tukiwaweka maarusi katikati.

Picha zilipoletwa, mke wangu alivaa miwani, akautafuta ule mkwaruzo katika kila moja. Hakuuona.