Kilomita mbili kwa saa tatu

Wacha nikiri kitu. Nimeingia msitu wa Karura zaidi ya mara arobaini, na ungeniuliza mwezi wa tatu mwaka huu mle ndani kuna nini, ningekuambia kuna njia ya udongo mwekundu, nguzo zenye namba, na watu wanaotembeza mbwa wakubwa kuliko mimi. Basi.

Wale mnaonifuata mnajua kwa nini. Kazi yangu ilikuwa kukimbia. Kilomita kumi, muziki masikioni, simu imefungwa kifuani, kisha jioni video ya sekunde thelathini: jasho, miti ikipita kasi, muda wangu kwenye skrini. Mlipenda. Hata mimi nilipenda, siwezi danganya. Yale maporomoko ya maji niliyafikia, nikapiga picha, nikageuka. Dakika mbili, maana saa ilikuwa inahesabu.

Halafu mwezi wa nne nikateguka kifundo cha mguu kwa uwanja wa mtaa, kwenye mechi ya kirafiki ambayo hata hatukushinda. Mtaalamu wa viungo akaniambia wiki sita bila kukimbia, ila kutembea polepole sawa, na nisiende peke yangu. Niliona dunia imeisha. Msee ambaye video zake zote ni za kukimbia, sasa ataposti nini? Mguu? Wiki ya kwanza nililala tu nikiangalia namba zikishuka.

Aliyejitolea kunisindikiza ni babangu. Hapo lazima niwaeleze kidogo. Babangu si mtu mbaya. Ni mtu wa "umekula?" na "funga geti." Tangu nimalize kidato cha nne nikamwambia nataka hii kazi ya simu badala ya ile nafasi ya chuo cha ualimu aliyonitafutia, tulikuwa tumebaki na maneno kama ishirini hivi ambayo tunayazungusha. Kwa hivyo aliposema, "Jumamosi nitakupeleka huko msituni kwako," nilidhani ni mama amemtuma. (Ni kweli alimtuma. Niliuliza baadaye.)

Tuliingilia upande wa barabara ya Kiambu, mimi na mkongojo, yeye na thermos ya chai. Nusu saa ya kwanza ilikuwa mateso. Shida haikuwa mguu, ilikuwa kile kimya. Wakimbiaji wanatupita, mmoja akanitambua akanipungia mkono, nikaona aibu. Nikatoa simu nione tumefika wapi. Mita mia nne. Nusu saa, mita mia nne! Nikamwambia Baba labda turudi tu.

"Kwani unachelewa wapi?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Tukakaa kwenye benchi.

Kuna kitu hakuna mtu hukuambia: ukikaa msituni, dakika kumi za kwanza huoni chochote. Unaona kijani tu. Inachosha, unaskia kushika simu. Halafu vitu vinaanza kurudi, ni kama vilikuwa vimejificha ulipofika. Kwanza sauti, kitu fulani kinakwaruza majani makavu. Kisha harufu ya majani yanayooza baada ya mvua ya usiku. Kisha Baba akanigusa bega, akaonyesha juu.

Mbega. Watano. Weusi, na manyoya meupe marefu yamewaangukia ubavuni kama shali. Walikuwa wamekaa tu, juu ya njia ambayo nimeipita mbio mara arobaini. Nilipofika nyumbani nikasoma habari zao. Kuanzia 2014 walihamishiwa Karura kutoka eneo la Kipipiri, maana misitu waliyokuwa wakiishi huko ilikuwa inakatwa. Kidole gumba hawana, kimebaki kinundu tu. Chakula chao kikubwa ni majani, na majani huchukua muda mrefu kusagika tumboni, kwa hivyo sehemu kubwa ya siku wanapumzika. Yaani ukimkuta amekaa, yuko kazini. Mmoja mnene alikuwa ameachilia miguu ikaning'inia pande zote mbili za tawi kama mzee kwa kinyozi.

Hapo ndipo siafu walinipata, kwa sababu nilikuwa nimeegesha ule mguu mbovu katikati ya msafara wao. Kama hujawahi kuona mtu wa mkongojo akivua soksi kwa kasi, ulikosa. Baba alicheka mpaka akajimwagia chai. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Labda kicheko ndicho kilimfungua. Akasema, macho bado juu kwa miti, "Unajua mimi nilirushiwa vitoa machozi kwa sababu ya hapa?"

Manze.

Hadithi ya Wangari Maathai niliijua vile kila mtoto wa shule anaijua. Vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa watu wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 akaenda na wenzake kupanda mti, wakavamiwa, akapasuliwa kichwa. Nisichojua ni kwamba mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kwa hasira, na kati yao kulikuwa na kijana mwembamba wa mwaka wa pili aliyepoteza kiatu kimoja akikimbia, na ndiye huyu sasa anapangusa chai kwa suruali. Chuo kikafungwa. Akarudi kijijini, na babu, aliyekuwa ameuza ng'ombe wawili kumlipia karo, hakumsemesha mpaka kilipofunguliwa.

"Aliniambia miti haitanilipa mshahara," Baba akasema. Akanyamaza kitambo. "Na mimi nimekuambia vitu kama hivyo."

Hakusema samahani. Si mtu wa samahani. Alinimiminia chai iliyobaki, yote.

Sikurekodi chochote. Si ati nilikuwa mtakatifu, mkono ulienda mfukoni wenyewe mara mbili. Lakini ningeinua simu tu, angenyamaza. Hilo nilijua.

Sisemi mwache kukimbia. Wa kilomita kumi endeleeni, ni afya. Na najua Karura ina kiingilio, na nauli, na kuna wenye Jumamosi ni siku ya kazi. Hata huo mti ulio nyuma ya ploti yenu, ukalie dakika ishirini uone. Kinachoniudhi ni vile nilikuwa nawaandikia "nimekuja kupumua" chini ya video ambayo ukiisikiliza vizuri nahema kama mbuzi.

Tumerudi Jumamosi sita mfululizo. Juzi tulienda kilomita mbili kwa saa tatu, programu ya simu ikaniuliza kama nimesahau kuizima. Yule mbega mnene Baba amempa jina, anamwita Chifu. Hadithi ya kiatu bado haijaisha. Kila wiki anaongeza kipande, halafu anasimama kuangalia ndege.

Mguu ulipona wiki mbili zilizopita. Nimeshakubaliwa kukimbia. Mkongojo bado naubeba. Kama unamjua babangu, tafadhali.