Orodha iliyogoma kufunguka

GOMA – Katibu wa kamati ya wahamishwa katika kambi moja nje ya mji alikuwa na orodha ya familia zote ndani ya kompyuta ya Windows. Baba, mama, watoto, kijiji walichotoka. Kambi ilipovunjwa, kompyuta ilibaki nyuma. Yeye aliondoka na flashi mfukoni.

Alikofika, watu wa parokia walimkopesha kompyuta ya Linux. Programu ya orodha ikakataa kufunguka, na faili la majina lilisomwa na programu hiyo tu. Familia zilikuwa nje zikingoja chakula. Majina yao yalikuwa mkononi mwake, lakini hakuna aliyeweza kuyaona.

Programu inayohama si ile inayonakiliwa kwenye flashi, maana zote zinanakilika. Ni ile inayofanya kazi kwenye mfumo mwingine bila kuandikwa upya, au kwa marekebisho machache tu. Iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine kwa ajili ya Windows, Linux peke yake haiiendeshi. Inayotafuta faili kwenye C:\ hupotea, kwa sababu Linux haina C:\. Tena kwenye Linux, «Majina» na «majina» ni faili mbili. Windows kwa kawaida huona moja.

Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1973, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, waliandika upya mfumo wa Unix kwa lugha ya C. Kabla ya hapo ulifungwa kwenye lugha ya aina moja ya mashine. Baadaye uliweza kuhamia mashine nyingine, na sehemu ndogo tu ndiyo iliyohitaji kuandikwa upya.

Katibu alisaidiwa na fundi wa simu mwenye kompyuta ya Windows. Kijana huyo alifungua orodha, akaitoa kama maandishi ya kawaida, CSV, kwa herufi za UTF-8. Herufi nazo ni jambo zito: mashine zisipoelewana, Béatrice hugeuka BÃ©atrice, na mwenye kugawa unga anasema jina halimo.

Sasa kila Jumamosi katibu anatoa nakala, anaifungua kwenye simu ya jirani na kuhesabu mistari. Hesabu ikilingana, flashi inarudi mfukoni.